Naomba ushauri: vinasaba vya dada yangu viko kwenye kampuni ya vipimo

Wakuu, habari zenu. Tangu nisome kwamba 23andMe, kampuni ya Marekani inayopima vinasaba (DNA) kwa mate, iliomba kinga ya kufilisika Machi 2025, sina amani. Mwaka 2023 taarifa za wateja wake wapatao milioni 6.9 zilikuwa zimedukuliwa.

Dada yangu alipeleka mate yake kwenye kampuni nyingine ya namna hiyo. Mimi sikupima, lakini sisi ni baba mmoja mama mmoja, na ndugu wa aina hiyo hufanana takriban nusu ya vinasaba. Kwa hiyo na mimi nimo humo. Neno la siri likivuja unalibadilisha, vinasaba utavibadilishaje? Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Tumeshafuta akaunti yake, tukawaandikia mara mbili tukiomba sampuli iteketezwe. Jibu ni kwamba ombi limepokelewa, basi.

Wenye uzoefu wa sheria au maabara, naomba mnisaidie: tudai uthibitisho gani wa maandishi kwamba sampuli yenyewe imeteketezwa, si akaunti tu? Na mimi ambaye sikusaini chochote, nina haki ya kudai, au ni dada peke yake?