Kihisi kimoja cha mlango 75,000? Naombeni ushauri

MamaWawili: Wakuu, habari za leo. Mama yangu ana miaka 74 na kumbukumbu inampotea. Mara mbili ametoka mlango wa nyuma saa nane usiku. Mara ya pili tulimkuta barabarani, peku, kanga moja. Nataka kila mlango uwe na kihisi cha kunishtua kwenye simu. Milango ni minne. Kariakoo nimetajiwa 75,000 kwa kimoja, tena hakifanyi kazi bila kituo chake, kile kiboksi cha kuunganisha vihisi na simu, cha 180,000. Nimenunua kimoja nikakifungua kwa bisibisi: sumaku, kichupa cha kioo chembamba kama punje ya mchele, betri ya duara CR2032, na kisaketi kisichofika kidole gumba. Hiyo 75,000 imejificha wapi?

FundiMagomeni: Pole sana, dada. Kichupa hicho ni swichi tu, bei yake ndogo mno. Unacholipia ni redio, na programu inayoilaza na kuiamsha ili betri idumu mwaka na zaidi. Halafu kuna seva, kompyuta ya mbali ya kukuletea ujumbe, ambayo watengenezaji wanailipia kila mwezi ilhali wewe umelipa mara moja. Na ada za kuthibitishwa kwa viwango vya mawasiliano ya vifaa vya nyumbani, iwe Zigbee au Matter ya 2022: hazipungui kwa sababu umetengeneza vifaa vichache.

Kobe_wa_Mjini: Wenye maduka wanatunyonya tu!

BintiBandari: Si wote. Nimeshaagiza mzigo. Ushuru unapigwa kwenye bei, nauli na bima kwa pamoja, kisha VAT 18% juu ya hiyo jumla yenye ushuru. Kifaa cha redio kinahitaji pia idhini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Kila anayekipokea anaweka faida yake, na bidhaa yenyewe inakaa rafuni miezi.

FundiMagomeni: Kweli. Ila hicho kituo usinunue, kitakufunga kwa kampuni moja. Ukitaka vihisi vya kukushtua kwenye simu, chukua vya Zigbee, kipokezi chake cha kuchomeka USB, na kompyuta ya zamani yenye Home Assistant, programu ya bure ya kusimamia vifaa vya nyumbani. Lakini kwa mama usingojee intaneti. Mlango wa nyuma weka swichi ya sumaku ya waya, king'ora chumbani kwako, na betri umeme ukikatika.

MamaWawili: Asanteni mno. Jumamosi naanza na huo wa nyuma. Waya wa unene gani?

FundiMagomeni: Wa simu ya mezani unatosha. Swichi iweke juu ya fremu, mama asiifikie.