Nakula sana ila uzito haupandi, nifanyeje nijaze mwili?

KimbaombaoSugu

Wakuu habari zenu, naombeni ushauri wa kweli sio utani maana utani nimeusikia wa kutosha. Mimi ni mwanaume miaka 24, urefu sentimita 178, kilo 57 na sijawahi kugusa 60 hata siku moja. Sio kwamba sili, nakula sana tu, nikikaa mezani na wenzangu mimi ndo namaliza sahani na kuongeza ila mwili uko palepale, mashati yananing'inia, mikono ya fulana imebaki na nafasi ya mkono mwingine.

Nimejiunga jimu, napiga mikono na kifua karibu kila siku mpaka nachoka kabisa, asubuhi nakimbia. Sasa pale jimu kila mtu ni mshauri, mmoja kaniambia mimi ni ektomofu, yaani mwembamba wa asili, kwahiyo nisijisumbue ndo nilivyoumbwa, mwingine anasema ninunue ule unga wa kunenepesha, mwingine kanitajia vidonge vya kuongeza hamu ya kula eti mwezi mmoja tu mashavu yanajaa. Nimsikilize nani? Alafu kingine, naweza kuongeza misuli bila kuota kitambi? Maana naona watu wembamba wengine wakinenepa tumbo ndo linatangulia kufika.

Mama_Kiuno

Mungu hagawi sawa aisee. Mimi nikipita tu karibu na jiko naongezeka kilo, we unalalamika 😂 Ngoja waje wataalamu mimi nimekaa hapa nasoma.

KochaMpole

Mkuu pole. Nimefundisha watu wa aina yako wengi na wote walikuja na sentensi hiyohiyo, "nakula sana". Sikatai, ila unapima kwa kuangalia mlo mmoja ulioshiba, na mwili haupimi hivyo, unajumlisha wiki nzima. Mtu mwembamba anaweza kula mlo wa kutisha mchana alafu jioni hana njaa anakunywa chai analala, au Jumamosi anafuta sufuria na Jumatatu yote kazi zimembana kala mara moja, yeye anakumbuka Jumamosi.

Hilo la ektomofu achana nalo. Habari za ektomofu (mwembamba), mesomofu (mwenye misuli) na endomofu (mnene) zilianzishwa na mwanasaikolojia wa Marekani William Sheldon miaka ya 1940, na alichokuwa anatafuta ni kuoanisha umbo la mtu na tabia yake, sio kutabiri nani atajaza kifua. Kurithi kupo, hilo sibishi, kuna watu mifupa yao myembamba na hamu yao ya kula ni ndogo, ila hakuna mtu ambaye mwili wake hauongezeki akila zaidi ya anachotumia.

Ila kuna kitu cha kweli nyuma ya malalamiko yenu. Mwaka 1999 James Levine na wenzake wa Mayo Clinic, hospitali ya Marekani, walichapisha utafiti kwenye jarida la Science, walichukua watu 16 wakawalisha kalori 1000 za ziada kila siku kwa wiki 8. Wote ziada sawa, lakini kuna aliyeongeza mafuta chini ya nusu kilo na kuna aliyeongeza zaidi ya kilo 4. Tofauti kubwa ilitokana na mwendo mdogomdogo usio mazoezi, yaani wale wasionenepa walipolishwa sana miili yao ilianza kuhangaika bila wao kujua, kutikisa miguu, kusimamasimama, kubadilisha mkao. Nahisi wewe ni wa kundi hilo, ukiongeza sahani moja mwili unaichoma kimyakimya, kwahiyo ziada yako inabidi iwe kubwa kidogo kuliko ya mwenzako na isikatike hata siku ulizo bize.

Fanya hivi, andika kila unachokula na kunywa kwa wiki moja bila kubadilisha chochote, uje uweke hapa ile siku mbaya kuliko zote. Sio nzuri, mbaya.

DadaNesi

Kabla hamjafika mbali naomba niongee kuhusu vidonge maana hii kitu inanikera sana.

Vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kienyeji mara nyingi ni aina mbili. Siproheptadini ni dawa ya mzio, kuongeza hamu ya kula ni athari yake ya pembeni, na inakuletea usingizi mzito na mdomo kukauka, hamu yenyewe ukiacha inaondoka. Ya pili ndo hatari, deksamethasoni. Hiyo ni steroidi kali ya kutibu uvimbe na magonjwa mazito. Hayo mashavu yaliyojaa ndani ya mwezi mnayoyasifia ni maji na mafuta yanayojikusanya usoni, wala sio afya, huku chini sukari ya damu inapanda, presha inapanda, kinga inashuka, na cha ajabu misuli ya mapaja na mabega inaliwa, yaani unapoteza kilekile unachokitafuta. Alafu ukiitumia muda mrefu ukaacha ghafla unaweza kuanguka kwasababu tezi zako za juu ya figo zilishaacha kutengeneza homoni ya asili ya aina hiyo. Aliyeanza tayari asiache mwenyewe, aende kwa daktari apunguziwe taratibu.

La pili, kaka, kilo 57 kwa urefu huo BMI yako (kipimo cha uzito kwa urefu) ni 18 kamili na mstari wa kuhesabiwa una uzito pungufu ni 18.5. Uko chini kidogo, sio kwamba unakufa. Kama umekuwa hivi tangu utotoni na una nguvu zako, sawa, ila kama ulikuwa na kilo zaidi ukashuka bila sababu, au unaharisha mara kwa mara, unatoka jasho usiku, kikohozi hakiishi, kiu na mkojo vimezidi, moyo unaenda mbio umekaa tu, nenda kapime kwanza. Tezi ya shingo iliyozidisha kazi, kisukari, TB, HIV, minyoo, matatizo ya utumbo kufyonza chakula, vyote hivyo vinaweza kukukondesha na hakuna chuma utakachonyanyua kikakusaidia.

KimbaombaoSugu

Asante dada, hapana sijashuka, ndo nilivyo tangu shule na hizo dalili sina. Vidonge basi nimeachana navyo.

@KochaMpole nimeandika kama ulivyosema na kwakweli nimeshangaa. Siku mbaya hii hapa: asubuhi chai ya sukari na slesi mbili za mkate, mchana wali sahani kubwa na maharage, jioni ndizi moja, usiku viazi na mayai mawili nikalala. Siku nyingine nilikula vizuri zaidi na wikiendi nilikula mpaka nikashindwa kuinuka.

KochaMpole

Hahaa ndo nilichokuwa nakitafuta. Hiyo siku ukijumlisha na mafuta ya kupikia inafika kama kalori 1700, na mtu wa uzito na urefu wako anayefanya mazoezi na kukimbia anatumia kama 2300 hadi 2500 kwa siku. Maana yake kile unachoongeza wikiendi kinaenda kulipa deni la siku kama hizi, unabaki sifuri. Protini nayo hapo ni kama gramu 50 tu. Anayejenga misuli anahitaji gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wake, kwako ni kama 90, ukifika 2.2 kwa kilo sawa ila ukipita hapo hakuna faida ya maana.

Sasa usianze kula milo miwili mizito zaidi, utakinai baada ya siku chache na kurudi kulekule. Kwa mtu asiye na njaa kinywaji ndo mkombozi, kwasababu kinapita haraka na hakishibishi kama chakula cha kutafuna. Glasi mbili za maziwa yenye mafuta yake, ndizi moja, vijiko viwili vikubwa vya siagi ya karanga na nusu kikombe cha oti, saga vyote, hapo umepata kama kalori 700 na protini gramu 28 hivi. Kunywa baada ya mlo au kabla ya kulala, usinywe kabla ya kula utaharibu mlo wenyewe. Kama maziwa yanakusumbua tumbo tumia mtindi au maziwa ya soya. Kitu kingine rahisi mno ni mafuta, kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kula kina kalori 120, ukimwagia juu ya wali au maharage hata huoni tofauti. Asubuhi ongeza mayai, moja lina protini gramu 6. Maji usijaze tumbo dakika chache kabla ya kula, na kama unavuta sigara ujue inakata hamu ya kula.

Ongeza kwanza kalori 300 hadi 500 juu ya wastani wako wa wiki alafu jipime. Kujipima ni asubuhi ukitoka chooni kabla hujala, kila siku, uchukue wastani wa wiki, maana maji na chumvi peke yake vinaweza kupandisha au kushusha kilo nzima ndani ya siku moja na watu wanachanganyikiwa bure. Unataka robo hadi nusu kilo kwa wiki. Haipandi baada ya wiki mbili? Ongeza nyingine 200, usibishane na mzani.

ChumaHakidanganyi

Kocha kamaliza msosi mimi niseme kidogo kuhusu tizi. Mkuu unapiga mikono na kifua kila siku, hapo ndo unapojichosha bure. Misuli mikubwa ya mwili iko miguuni, makalioni na mgongoni, ukiiacha hiyo unategemea kuongezeka wapi? Siku tatu kwa wiki zinatosha kabisa, kila siku hizo piga mwili mzima: skwati (kuchuchumaa na kuinuka na chuma), kunyanyua chuma kutoka chini (dedlifti), benchi presi (kulala kwenye benchi ukisukuma chuma juu) au pushapu, kuvuta chuma kuja tumboni au kujivuta kwenye bomba, na kusukuma chuma juu ya kichwa. Seti tatu tatu, marudio 6 hadi 12, na ukimaliza seti uwe umebakiza nguvu ya kurudia mara moja au mbili tu. Ukibakiza nyingi hujafanya kitu. Pumzika dakika mbili tatu kati ya seti, acha haraka.

Kitu ambacho watu wanakiruka ni daftari. Andika uzito na marudio. Ukifikisha 12 kwenye seti zote, ongeza uzito kidogo, unashuka hadi 7 au 8, unapanda tena. Kama miezi mitatu unanyanyua uzito uleule marudio yaleyale, mwili hauna sababu yoyote ya kujenga. Wiki za mwanzo utaona nguvu zinapanda haraka kuliko mwili, usidanganyike wala usikate tamaa, hiyo ni mishipa ya fahamu inajifunza kuitumia misuli uliyonayo, nyama zinakuja nyuma yake.

Kukimbia sio dhambi, mara mbili kwa wiki polepole hakuli misuli, ila kila unachochoma barabarani inabidi ukirudishe mezani. Usingizi masaa 7 mpaka 9, hapo hakuna mjadala.

Unga wa kunenepesha geuza kopo usome nyuma, nyingi ni wanga wa sukarisukari na protini kidogo, hicho kinywaji cha kocha kinaushinda. Protini ya unga ni chakula tu, ukifika gramu zako kwa msosi huihitaji. Kreatini ndo kitu pekee kwenye hayo makopo ningekuambia ununue, gramu 3 hadi 5 kila siku, imechunguzwa miaka mingi. Kilo moja ya mwanzo itakayopanda ni maji ndani ya misuli, na mwenye ugonjwa wa figo aulize daktari kwanza.

Tausi_mwembamba

Samahani naingilia uzi wa kaka, mimi ni msichana kilo 46 na nataka kuongezeka hasa miguu na hipsi ila naogopa vyuma visinifanye niwe na mabega ya kiume. Nifanye skwati tu bila uzito?

ChumaHakidanganyi

Dada yangu hiyo hofu iondoe. Testosteroni ya wanaume ni zaidi ya mara kumi ya yenu, sisi wenyewe wenye homoni hiyo tunahangaika miaka kupata hayo mabega, we yatakujia kwa bahati mbaya? Skwati bila uzito utaizoea ndani ya wiki chache na hapo inaacha kujenga. Shika uzito, ongeza taratibu. Kwa hipsi weka na ile ya kuegemea benchi mgongo ukasukuma chuma kwa kiuno. Mabega hayatajaa usipoyalazimisha.

KimbaombaoSugu

Nimeelewa wakuu. Ila la kitambi hamjanijibu.

KochaMpole

Mafuta kidogo yatakuja, anayekuambia utaongeza misuli mitupu anakuuzia kitu. Kiasi ndo unakichagua, ukipanda taratibu kama nilivyosema yanakuwa machache, ukipanda kilo mbili kwa wiki, nyingi ni mafuta. Chukua futi ya fundi nguo upime kiuno usawa wa kitovu kila baada ya wiki mbili. Kiuno kikikua na vyuma kwenye daftari vimesimama, umezidisha msosi au unalegea mazoezini. Vyuma vinapanda na kiuno kinasogea kidogo tu, endelea. Na ukifika kilo 62 au 63 ujue matumizi ya mwili nayo yamepanda, ile ziada ya mwanzo itakuwa imeisha, utaongeza tena.

KimbaombaoSugu

Poa sana. Swali la mwisho, asubuhi natoka mapema, hicho kinywaji naweza kukitengeneza usiku?

KochaMpole

Unaweza, weka kwenye friji tu. Oti zitavimba usiku kucha kitakuwa kizito kama uji, asubuhi ongeza maziwa utikise. Ndizi ndo inageuka rangi, isikutishe, au iache uile mkononi ukiwa njiani.