Mwanamke akishateswa, kwa nini riwaya inamwacha hapo?

Furaha, Kadutu (Bukavu)
Wapenzi wa vitabu, nisaidieni. Nasoma sana riwaya za fantasia zenye sura ya historia, zile za falme, njaa na damu. Nazipenda. Ila mwandishi akitaka tuamini kwamba zama zile zilikuwa kali, basi mwanamke atabakwa. Ukigeuza ukurasa, unamkuta mume au kaka yake anaapa kulipiza kisasi, na sura kumi zinazofuata ni zake yeye. Yule mama yuko wapi? Nani alimwosha? Nani alinyonyesha mtoto wake usiku ule?

Sisi wa Bukavu tunajua kwamba kuna kesho yake. Hospitali ya Panzi ipo hapa tangu 1999. Wanawake wanafika pale, wanatibiwa, wanajifunza kushona na kusoma, wanagombana, wanacheka, wanarudi sokoni kuuza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Nikisema hivyo najibiwa: "Historia ndivyo ilivyokuwa." Ni kweli?

Papa Baraka, Goma
Binti yangu, waandishi hao wanakupa nusu. Wengi wao huchota kwenye Vita vya Waridi vya Uingereza, karne ya 15. Margaret Beaufort alijifungua mwaka 1457 akiwa na miaka 13, tena mjane. Ukatili huo ni wa kweli. Lakini msichana huyohuyo alipanga njama na ndoa za kisiasa mpaka mwanawe akawa mfalme mwaka 1485. Hiyo nayo ni historia.

Neema, Lubumbashi
Mimi naogopa kitu kingine: waandishi wakishalaumiwa, wanatuletea mwanamke wa upanga asiyeumia wala kuogopa. Huyo simtaki pia. Ubakaji waandike, wasiufiche, ila wakae na aliyebakwa.

Furaha, Kadutu (Bukavu)
Yaya Neema, hapo umenigusa. Namfikiria Kimpa Vita wa ufalme wa Kongo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeuacha mji mkuu, Mbanza Kongo, magofu. Yeye, msichana wa miaka ishirini hivi, alihubiri mpaka watu wakamfuata kurudi kuishi mle. Alizaa mtoto. Mwaka 1706 wakamchoma moto. Mwandishi mvivu angetupa moto tu. Mimi nataka ile safari ya kurudi mjini: walilala wapi, walipika nini, nani alimbishia njiani.

Papa Baraka, ukiwa na riwaya ya namna hiyo, hata ya Kifaransa, nitumie kwa boti. Nitaipokea bandarini mwenyewe.