Jazi: nimekwama kwenye albamu zilezile, nitokeje?

mdau_shangani: Wakuu, niko Mtwara. Kila jioni narudia Kind of Blue, albamu ya mpiga tarumbeta Miles Davis. Nataka rekodi nisizozijua, ila bando la GB 1 halikai. Nianzie wapi?

besi_nzito: Mkuu, usifuate jina la kwenye jalada, fuata wapigaji. Kwenye hiyo Kind of Blue ya 1959 mpiga besi ni Paul Chambers. Mtafute kwenye Blue Train ya John Coltrane, ya 1957. Humo utakutana na tarumbeta ya Lee Morgan, naye mfuate kwenye rekodi zake. Sikiliza mara tatu: kwanza yote bila kuruka, pili besi tu, tatu ngoma. Vaa hedifoni, maana spika ya simu haitoi sauti za chini na Chambers anapotea kabisa.

Bando: ubora wa sauti wa kbps 320 (kilobiti kwa sekunde) unakula MB 144 kwa saa, wa 128 kama 58. Anayekumaliza ni video, izime.

santuri_lindi: Nyongeza. Matoleo ya zamani ya Kind of Blue, nyimbo tatu za upande A zinakimbia kidogo: mashine ya kurekodia ilizunguka polepole kuliko inavyotakiwa, hivyo ukizipiga kwa kasi ya kawaida zinaenda haraka. Ilirekebishwa miaka ya 1990.

mdau_shangani: Aisee! Na santuri, kwa unyevu wetu huu?

santuri_lindi: Zisimamishe wima, ukizirundika zinapinda. Nailoni ya dukani iliyobana jalada itupe, inafungia unyevu na ukungu unaota.