Msaada wakuu: picha za magauni hazitoi rangi, wateja wamenikalia kooni

DadaShani
Wakuu habari za jioni. Nauza magauni mtandaoni, sina fremu, mzigo uko chumbani Tabata, naagiza China. Shida ni picha. Nina gauni la satini la damu ya mzee, nikilipiga kwa simu linatoka jekundu la kuwaka. Nalivalisha sanamu, napiga usiku kwa sababu mchana niko kazini. Nifanyeje rangi itoke vizuri? Ikiwezekana leo leo.

FundiMwanga
Usiku ndiyo adui yako, dada. Taa ya chumbani ina unjano wake, na ukiwasha ya simu satini inang'aa kifuani kama bati jipya. Subiri Jumamosi, saa mbili mpaka saa nne asubuhi. Zima taa zote, sanamu likae ubavuni mwa dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja, upande wa pili tundika shuka jeupe lirudishe mwanga kwenye kivuli. Futa lenzi kwa pindo la khanga, maana picha nyingi za ukungu ni mafuta ya vidole tu. Rudi nyuma hatua tatu ndipo uvute kwa zumu. Ukisogea sana gauni linavimba kifuani na kusinyaa chini. Gusa kioo penye gauni, shusha mwanga kidogo, kwa sababu simu ikiona rangi nzito inadhani kuna giza, inaiangaza kwa nguvu. Likipwaya, libane mgongoni kwa vibanio vya kuanikia. Na pasi. Pasi, dada yangu!

MchuuziMstaafu
Umenikumbusha mbali. Mimi nilianza na mashati ya mtumba, nachagua Karume alfajiri, natundika kwenye mlango wa bafuni napiga. Siku moja mteja wa Mwanza akanirudishia picha kaizungushia duara. Shati hakuliulizia kabisa, alitaka ile ndoo ya nyuma. Nikamuuzia.

MamaWawili
Siku hizi mnauza picha, nguo hamna. Niliagiza dera, likaja pazia. Mungu anawaona.

Kibwengo
Sanamu la nini? Vaa mwenyewe upige, mzigo hautalala.

BintiWaMakorora
Dada, mbona hujasema wateja wamekukalia kooni kwa lipi? Wanalalamikia picha au gauni? Na leo leo ya nini?

DadaShani
Sawa, niseme. Kuna wateja 22 walishalipa nusu, 20,000 kila mmoja, wiki mbili zilizopita. Walilipia picha ya mwanzo, ambayo si yangu, niliichukua kwa muuzaji mwingine nikakata jina lake pembeni. Pale ni damu ya mzee iliyokolea, satini nzito. Mzigo umeshuka juzi na meli, umeelekea zambarau, na kitambaa ni chepesi. Wanataka picha ya mzigo wenyewe. Nimeshapakua programu ya kubadili rangi na picha 6 ziko tayari, ila hazijafanana vizuri na ile. Msinihukumu, kila mtu anafanya hivi.

FundiMwanga
Kumbe dirisha nililokupa hulitaki, litakuumbua. Piga zambarau yake ilivyo, ingiza mkono ndani ya gauni wepesi wake uonekane, watumie wote 22. Asiyetaka mrudishie chake.

DadaShani
Kirahisi hivyo? Hela yenyewe ndiyo iliyonunua mzigo. Halafu zambarau na damu ya mzee kwa mbali ni kitu kimoja.

MamaWawili
Kwa mbali hata mimi ni msichana.

WakiliWaMtaa
Picha ni mali ya aliyeipiga, sheria ya hakimiliki tunayo tangu 1999. Na yule mrembo aliyevaa?

DadaShani
Kichwa nilikikata.

Kibwengo
😂😂 Kiwiliwili kitakuja kudai.

KuliWaBandarini
Wakuu mnanyweshwa chai na vikombe mmeshika wenyewe. Hela kachukua wiki mbili zilizopita, hela hiyohiyo ndiyo imenunua mzigo, na mzigo umeshuka juzi na meli kutoka China? Meli gani hiyo? Halafu mwanzo gauni lilitoka jekundu, sasa ni zambarau. Kesho ataweka namba ya simu na bei.

MchuuziMstaafu
Chai ya tangawizi kabisa. Nami nimeshasimulia ndoo yangu bure.

DadaShani
Si chai jamani! Mzigo nimeutoa Kariakoo, Mtaa wa Congo. Wateja nawaambia China, kwa sababu wakijua ni Kariakoo watapanda daladala wakanunue wenyewe. Na nyie nimewaambia hivyo kwa mazoea tu. Hilo jekundu ni picha niliyohariri ikazidi. Haya, ona, nimepiga sasa hivi bila kuhariri.
(ameweka picha)

BintiWaMakorora
Kweli ni zambarau. Pole dada. Pindo la kushoto nyuzi zinaning'inia, zikate kabla hujapiga tena.

KuliWaBandarini
Mimi nimekuza picha. Kwenye kioo cha kabati nyuma ya sanamu aliyeshika simu ni baba mwenye ndevu na singlendi. Habari yako, Dada Shani?

Kibwengo
Naomba uzi usifungwe 🤣

DadaShani
Huyo ni mume wangu, ananishikia simu!!

KuliWaBandarini
Na wewe uko wapi? Mbona chumba kizima kinaonekana?

FundiMwanga
Ndiyo maana huwa nasema nyuma ya sanamu tundikeni shuka.

DadaShani
Shuka la sita kwa sita linatosha?