Hivi nani aliwaambia Wahadzabe ni wavivu?

Wakuu, habari za jioni. Leo nimekereka, mtanivumilia.

Kuna video inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp toka juzi. Jamaa kafunga safari na kamera yake hadi Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, kwa Wahadzabe, watu wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Mkononi ana mkate na mche wa sabuni. Anamsogezea mzee wa Kihadzabe maiki mdomoni: "Mzee una miaka mingapi?" Mzee anacheka tu, hesabu hiyo hana na wala haimsumbui. Jamaa anageukia kamera, anashika kichwa: "Jamani, Tanzania hii hii!" Shuka sasa kwenye maoni. Wachafu. Wavivu. Serikali iwapelekee majembe.

Majembe! Hapo ndipo uvumilivu uliponiishia.

Sisi tumekulia kwenye jembe. Babu zetu walilima, shuleni tulilimishwa shamba la mwalimu, na 1972 nchi nzima ikaambiwa Siasa ni Kilimo. Ndiyo maana tukimuona mtu hana shamba tunahitimisha papo hapo kwamba hana kazi. Mwanamume wa Kihadzabe kutembea kilomita 10 kwa siku akiwinda ni jambo la kawaida. Akina mama wanachimba mizizi kwenye udongo mgumu kwa mti uliochongwa ncha, jua la Eyasi liko utosini. Na asali je? Kuna ndege wanaitikiana naye kwa miluzi, anawatangulia mti hadi mti mpaka penye nyuki. Kisha mtu anapigilia vigingi kwenye mbuyu, anapanda navyo hadi juu akiwa na kijinga kinachofuka moshi, nyuki wanamuuma, anashuka na masega, na watu wanagawana pale pale. Huyo ndiye mvivu, anaitwa hivyo na mtu aliyeshinda ofisini akikodolea simu.

Tena hayo majembe yalishapelekwa. Katikati ya miaka ya 1960 serikali iliwakusanya Yaeda Chini, huko huko upande wa Eyasi, ili walime kama wengine. Wakasongamana, maradhi yakaingia, watu wakafa, waliobaki wengi wakarudi porini kwao. Sisi tukatoka na jibu moja tu, "hawapendi maendeleo". Hakuna aliyejiuliza kama mpango ndio ulikuwa mbovu.

Halafu eti wanakula nyani. Sawa. Bukoba wanakula senene, Kusini kuna wanaokula panya, na wewe kitimoto unakijua hadi kona kinapochomwa vizuri. Mbona hao wote hatujawapelekea kamera?

Ingeishia kwenye kucheka ningenyamaza. Tatizo ni kwamba macho yanayomuona Mhadzabe hana kazi, ardhi yake nayo yanaiona haina mwenyewe. Hakuna mahindi, hakuna uzio, basi ni pori tupu. Huyu anaingiza ng'ombe, yule anafyeka apande vitunguu, na kila mmoja anajiona ameleta uhai mahali palipolala. Mizizi, ubuyu na wanyama waliokuwa chakula cha watu havihesabiki kwa sababu havikupandwa na mtu. Na hawa ni watu elfu moja na kidogo tu, kwenye vikao vya wilaya nani atawasikia?

Mwaka 2011 Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walipata hati ya kimila ya ardhi yao. Leo msitu wa ardhi hiyo unaingiza fedha za hewa ukaa, yaani malipo ya kuuacha msitu usimame unyonye hewa chafu, kwa sababu haujakatwa, ulinzi wanafanya wenyewe, na fedha hizo zinasaidia matibabu na masomo ya watoto. Kwa hiyo asije mtu hapa na ile hoja ya "lakini wapelekwe shule". Aje kwanza aseme kijijini kwake, kwenye majembe yote hayo, msitu uko wapi.