ORS (maji ya chumvi na sukari anayopewa mtu anayehara): sukari imewekwa ya nini?

mwl_baiolojia
Wakuu, maji kufuata chumvi kwa osmosisi hilo halina utata. Kinachosumbua ni glukosi, yaani ile sukari, kwenye ORS. Kama ni ya kumpa mgonjwa nguvu, gramu 13.5 kwa lita ni kidogo mno. Na mgonjwa wa kipindupindu, utumbo unamwaga maji hivyo, inakuwaje ORS ifyonzwe?

Kitanzi
Glukosi pale si chakula, mwalimu. Seli za utumbo mwembamba, upande unaogusa chakula, zina protini iitwayo SGLT1 kwenye utando. Hiyo hupitisha sodiamu 2 (sodiamu ni sehemu ya chumvi, nyingine ni kloridi) na glukosi 1 kwa pamoja; glukosi isipokuwepo, sodiamu haipiti hapo.

Nguvu ya kuvuta inatoka upande wa pili wa seli, kwenye pampu ya sodiamu na potasiamu. Kila ATP moja (chembe inayobeba nishati ya seli) inatoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2, kwa hiyo ndani ya seli sodiamu inabaki chache muda wote. Sodiamu na glukosi zinajikusanya nyuma ya seli, maji yanazifuata, kisha damu inabeba.

Sumu ya kipindupindu inapandisha cAMP (kemikali inayopeleka ujumbe) ndani ya seli, mlango wa kloridi unaoitwa CFTR unabaki wazi, kloridi inamwagika utumboni, sodiamu na maji nyuma yake. Njia ya kawaida ya kufyonza chumvi nayo inazibwa. SGLT1 haiguswi, ndiyo maana ORS inapita. Ila haizuii kuhara, inarudisha kinachopotea tu. Ndugu wengi wa mgonjwa huiacha wakiona choo bado ni maji.

mwl_baiolojia
Basi tukiongeza sukari, si maji yatafyonzwa zaidi?

dawa_na_dozi
Hapana, hapo ndipo watu wanaharibu. Fomula ya WHO na UNICEF tangu 2002 ina jumla ya chembe zilizoyeyuka mmol 245 kwa lita (ya zamani ilikuwa 311): sodiamu 75, glukosi 75, kloridi 65, potasiamu 20, sitreti 10. Damu iko karibu 290. ORS ikiwa chini kidogo ya damu, maji yanaelekea kwenye damu. Pakiti ya lita ukiikoroga kwenye nusu lita unapata 490: maji yanavutwa kutoka kwenye damu kurudi utumboni, na sodiamu ikipanda sana kwenye damu seli za ubongo zinasinyaa, mtoto anapata degedege. Soma pakiti kwanza, si zote ni za lita moja.

Soda ni kosa lilelile: sukari tele, sodiamu karibu hakuna.

Pakiti ikikosekana: lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote visirundikwe. Sukari ya dukani hukatwa kwenye ukuta wa utumbo kuwa glukosi na fruktosi, kwa hiyo inafaa. Mwaga baada ya saa 24.

Kitanzi
Niongeze: ya nyumbani haina potasiamu, na kuhara kunaipoteza nyingi, misuli inalegea, mapigo ya moyo yanavurugika. Ndizi mbivu husaidia. Dafu lina potasiamu nyingi lakini sodiamu kidogo, kwa hiyo mpe pamoja na ORS, lisiwe badala yake. Mtoto akitapika, subiri dakika 10 halafu endelea kijiko kwa kijiko.